Malkia Wawili Kwenye Soksi

Niliiba malkia wawili. Sikuiba hasa, kwa mjomba mtu haibi, anachukua. Mama yangu na mjomba walinyonya ziwa moja, kwa hiyo kuku wake ni kuku wangu, mapera yake ni mapera yangu, na akinikuta juu ya mti wake anachoweza kusema ni kwamba nisivunje matawi. Lakini wale malkia niliwachukua kwa siri. Niliwafunga kwenye soksi ya shule, mweupe na mweusi wamelala pamoja kama mapacha, nikapanda nao basi kutoka Iringa mpaka nyumbani Mbeya, na muhula mzima walikaa chini ya godoro langu.

Sababu ilikuwa moja: mjomba asicheze sataranji na mtu mwingine mpaka nirudi.

Mjomba ni fundi cherehani. Alipigana Burma, akarudi na mambo matatu: kikohozi, koti la jeshi, na sanduku dogo la sataranji alilopewa na askari mwenzake. Iringa nzima watu wanacheza bao na dama, wanapiga kelele kama wako mnadani. Mjomba yeye, akimaliza kushona, anafunika cherehani, anatandika ubao juu yake, basi, kimya. Alinifundisha nikiwa darasa la tano. Mfalme anatembea hivi, farasi anaruka hivi, malkia anakwenda atakako. Likizo ile niliyowachukua malkia nilimshinda mara nne. Mara nne! Nilirudi Mbeya natembea kama mkuu wa wilaya.

Lazima nieleze kitu hapa, la sivyo mtaniona mwehu. Shuleni kwetu mimi ndiye wa kuchekesha. Mwalimu akigeuka kuandika ubaoni, darasa zima linanitazama mimi, wanangoja. Nimechapwa viboko kwa kuiga mwendo wa mwalimu mkuu, nikachapwa tena kwa kuiga jinsi alivyonichapa. Ni kazi nzuri, silalamiki. Lakini hakuna anayeniuliza jambo la maana. Nikisema kichwa kinaniuma, wanacheka. Ni mjomba peke yake aliyekuwa akikaa mbele yangu saa nzima, ananitazama mikono, anangoja nifanye nini, na hangoji nimchekeshe.

Sasa mwambie mtu kama mimi akiache kiti hicho wazi miezi mitano, kiangaliwe na nani?

Basi lilikwama kwenye tope karibu na Makambako, tukasukuma, tukafika Iringa jioni nimepakwa udongo mpaka masikioni. Sikwenda kunawa. Nilikwenda moja kwa moja barazani, soksi mkononi, nimejiandaa kusema, "Mjomba, angalia nani nimewakuta njiani." Nilikuwa nimeifanyia mazoezi sentensi hiyo tangu Chimala.

Mjomba alikuwa amekaa mahali pake. Mbele yake, juu ya kiti changu, alikuwa amekaa binti yake.

Huyu ni binamu yangu, ananizidi mwaka mmoja kwa maneno yake na miezi minane kwa ukweli. Mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani, kwa hiyo tangu tulipoota meno tunatukanana bila mtu kutukemea. Kutukanana hakunisumbui. Lililonisumbua ni kwamba hakuna aliyeinua kichwa.

"Hodi," nikasema.

"Karibu. Usitikise cherehani," akasema binamu.

Nikatazama ubao. Wafalme walikuwepo, farasi walikuwepo, na askari wao. Lakini mahali pa malkia palisimama vigogo vya uzi, vile vya mbao vinavyobaki uzi ukiisha. Kando yavyo kulikuwa na vifungo vya koti, na huku na huku kofia za chuma za kuvalia kidoleni wakati wa kushona.

"Mmepatwa na nini?" nikauliza. "Mnacheza sataranji au mnafanya usafi wa duka?"

"Malkia walipotea," mjomba akasema, macho bado chini. "Tulitafuta hata ndani ya mito. Huyu mwenzio akasema basi, tutengeneze watu wengine. Kaa, mpwa wangu, uone. Ni jambo la ajabu."

Nikafungua soksi. Nikawaweka malkia wangu wawili ukingoni mwa ubao, taratibu.

"Ah!" mjomba akasema. "Kumbe wapo! Vizuri sana. Watie kwenye kopo la vifungo wasipotee tena."

Halafu akasogeza kigogo cha uzi.

Huo ndio mwisho wa malkia wangu. Miezi mitano chini ya godoro, safari ya kutwa nzima, tope la Makambako, na makao yao yakawa kopo la kahawa.

Jioni ile binamu alinieleza mchezo wake, na aliueleza kwa sauti ile ya mwalimu wa darasa la kwanza, ambayo najua aliichagua kusudi.

"Huyu wa uzi ni Mama Mkwe. Anatembea nyumba moja moja tu, maana ni mtu mzima. Hakuna anayeweza kumla."

"Kwa nini?"

"Utamla mama mkwe wako wewe? Halafu, akiingia mstari aliopo mfalme wa adui, wa kwenda mbele au wa kukatiza, mfalme lazima atoke. Hata kama alikuwa na kazi. Akikosa pa kutokea, amekwisha. Na yeye mfalme mwenyewe haruhusiwi kabisa kuingia mstari alipo Mama Mkwe."

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. Ni lazima acheke, kwa sababu ndiyo maisha yake. Kwa Wahehe mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Kwa baba yangu, Wanyakyusa, mambo ni kinyume: mke wa mtoto ndiye anayemkimbia baba mkwe, akisikia sauti yake tu anaruka uzio. Kwa hiyo katika ukoo wetu kila mtu ana mtu wa kumkimbia, na mimi nilidhani hilo ni jambo la kuchekesha tu. Binamu alilichukua akalifanya kete.

"Huyu wa kifungo ni Mtani," akaendelea. "Akisimama jirani na kete yoyote ya adui, hiyo kete haiendi popote. Imekaa inatukanwa. Na hii kofia ya chuma ni Nyuki. Anaruka nyumba tatu upande wowote, anauma kete moja, anakufa papo hapo. Umeelewa, mla ndizi?"

"Nimeelewa kwamba mmeharibu mchezo wa watu," nikasema.

Nilikuwa na shahidi wangu. Mzee mmoja wa Pwani, mwenye duka la vitambaa, alikuwa amekuja kuchukua kanzu yake. Akasimama, akautazama ubao, akatikisa kichwa. "Fundi, hii si sataranji. Hii ni harusi ya Kihehe." Mimi nikaitikia kwa nguvu zote. Lakini mzee hakuondoka. Alisimama pale na kanzu begani akaanza kuuliza: na Mtani akisimama karibu na Mama Mkwe? Na Nyuki akikosa wa kumuuma? Akavuta kibao akakaa. Nilimhesabu kama msaliti.

Ukweli ni kwamba mchezo ulikuwa mzuri. Naandika hivyo sasa, nikiwa Mbeya, ambako binamu hawezi kuyaona haya. Nikiwa na akili yangu yote nisingewaza Mama Mkwe. Mimi nimechekesha watu juu ya mama mkwe mara mia, na ilipita kama upepo. Yeye hakuchekesha, aliketi akawaza, akapata kitu ambacho mzee mwenye duka alikaa kukitazama mpaka adhana. Usiku nilijigeuza kitandani kama chapati.

Wiki nzima mjomba alicheza na binamu. Aliniambia, "Njoo ujifunze," nikasema, "Bado nina uchovu wa safari." Siku ya sita bado nilikuwa na uchovu wa safari. Nilikaa kwenye ngazi nikichonga fimbo isiyo na kazi, nikimngoja mmoja wao aniambie tena kaa, ili nikatae tena.

Ndipo akaja bibi kutoka Kalenga. Bibi huyu ni mama wa mke wa mjomba, yaani mama mkwe mwenyewe, wa nyama na mifupa. Alikuja kwa miguu, kikapu cha mahindi mabichi kichwani, magoti yamemvimba. Akija, nyumba inagawanywa bila mtu kusema neno: baraza na chumba cha mbele ni vya mjomba, jiko na uwanja wa nyuma ni vya bibi. Bibi anakohoa mara mbili kabla ya kupita kona yoyote, ili mkwe wake apate nafasi ya kutoweka. Ilikuwa hivyo tangu sijazaliwa, na hawajawahi kugongana.

Mimi ndiye niliyewagonganisha.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Bibi akija barazani, mjomba atakimbilia nyuma na ubao wake. Binamu hawezi kumfuata, maana mjukuu hamwachi bibi peke yake. Lazima amkande magoti na kusikiliza habari za Kalenga. Huko nyuma mjomba atabaki na nani? Na mimi. Peke yetu, kama zamani.

Saa tisa hivi, jua la baridi, nikamwendea bibi jikoni. "Kamwene, bibi."

"Kamwene, mume wangu. Umekuja kunichukua?" Bibi wote wanatuita waume zao, wangu ananidai nyumba ya bati.

"Huku nyuma kuna baridi, bibi. Barazani kuna jua zuri, litakupasha magoti joto. Mjomba amepeleka suruali za watu misheni, harudi mpaka jioni."

Sikutikisika hata ukope. Nikamshika mkono, nikambebea kibao chake. Tulipofika kwenye kona ya nyumba akakohoa mara mbili, kwa mazoea tu, ingawa aliamini hakuna mtu.

Sijawahi kuona mtu mzima akiruka vile. Mjomba aliinuka na futi shingoni, akapita juu ya kiti, akajikwaa kwenye kizingiti, akapita ndani ya nyumba kama ng'ombe aliyeingia dukani. Sufuria zikalia. Mlango wa nyuma ukagonga.

Bibi akasimama. "Ni nani huyo?"

Binamu alinitazama. 

"Ni... paka," nikasema.

"Paka mwenye viatu vya jeshi," bibi akasema. Akajifunika uso kwa khanga, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. "Aibu imeshapita," akasema akicheka. "Magoti yangu hayarudi huko sasa hivi. Nimeshakaa. Mwambieni mkwe wangu anisamehe, na abaki hukohuko."

Kwa hiyo hesabu yangu ilitimia yote, isipokuwa sehemu moja. Mjomba alikimbia bila ubao.

Nilimkuta nyuma, amekaa juu ya gogo la kupasulia kuni, anahema. Nikataka kusema, ngoja nikaulete ubao tucheze mimi na wewe. Yeye alikuwa ameshatoa chaki ya kitambaa mfukoni, anachora nyumba sitini na nne juu ya ubao wa kukatia nguo uliokuwa umeegemea ukuta. Punje za mahindi zikawa kete zake, maharage yakawa kete za binti yake. Kila mmoja alimweka mahali pake kwa kukumbuka tu.

"Nenda kamwambie," akasema, "farasi wa kulia, mbele ya Mtani wangu. Halafu uniletee jibu lake."

Ndivyo nilivyopata kazi. Mbele kulikuwa na binamu, ubao wa kweli na bibi anayekandwa magoti. Nyuma alikuwa mjomba na mahindi yake. Katikati ya nyumba, napita sebuleni naruka sufuria, mimi. Nimetengeneza mpango kwa siku mbili ili niwatenganishe, na sasa wanaongea kupitia kinywani mwangu.

"Anasema farasi wa kulia, mbele ya Mtani wake."

"Mwambie Nyuki amemuuma askari wa pembeni."

"Anasema Nyuki amemuuma askari wa pembeni."

"Hee!" mjomba akasema, akashika kichwa. Akainama juu ya mahindi. Nikasubiri. Nikasubiri sana. Mjomba akicheza na mimi husimulia: mvua za Burma, ruba kwenye soksi, sajini aliyeogopa vyura. Mkono unasogeza kete na mdomo uko Rangoon. Sasa hakusimulia kitu. Alikuwa ameuma mdomo wa chini, jasho linatoka kwenye baridi ile. Mara mbili alinyoosha kidole kwenye punje, akakirudisha.



"Mwambie," akasema mwishowe, "farasi arudi nyuma ya mfalme."

Nikaenda. Njiani, kati ya sufuria ya pili na ya tatu, nikabadilisha. Nilitaka mjomba ashindwe haraka, upumbavu huu uishe. Nilitaka binamu aone baba yake amecheza vibaya, na mjomba aone binti yake amejibu ovyo, wachoshane.

"Anasema mfalme asogee mbele nyumba moja."

Binamu akaacha goti la bibi. Akatazama ubao, akanitazama mimi.

"Baba amesema hivyo?"

"Ndiyo."

"Kwa mdomo wake? Mfalme aingie mstari alipo Mama Mkwe?"

Nikatazama. Kigogo cha uzi kilikuwa palepale, kimesimama wima, mstari uleule. Nilikuwa nimekaa wiki nzima kwenye ngazi nikijifanya sioni, na kweli sikuona.

"Baba yangu mimi," binamu akasema polepole, "aliyevunja mlango sasa hivi kwa kukimbia kikohozi tu, ndiye anamwambia mfalme wake akasimame mbele ya mama mkwe?"

Bibi alicheka mpaka akadondosha khanga. "Mume wangu," akasema, "hata kudanganya hujui! Ndiyo maana nyumba ya bati siioni."

Mtu anayechekesha kila siku anakijua kicheko cha kila aina. Hiki kilikuwa kipya kwangu.

Nilirudi nyuma peke yangu, hakuna ujumbe wa kupeleka. Mjomba alikuwa amesikia. Kuta za udongo si kitu. Alikuwa amekishika kiharage mkononi anakizungusha.

"Na bibi ulimwambia nimekwenda wapi?"

"Misheni."

"Kufanya nini?"

"Kupeleka suruali."

"Na malkia?"

Nikatazama maharage. Akaona jibu.

"Nilikuwa natania tu, mjomba."

"Usinitanie mimi, mimi si mtani wako. Niambie."

Nikamwambia. Sikumwambia vizuri, niliyatapika. Kwamba kiti kile kilikuwa changu. Kwamba binamu ana baba siku zote na mimi nina mjomba mara mbili kwa mwaka. Kwamba zamani tulicheza wawili, mchezo wa kawaida, na nilikuwa najua. "Nilikushinda mara nne," nikasema. "Au umesahau?"

Mjomba akaweka kiharage chini. Akatazama pembeni, kwenye kuni.

Afadhali angenichapa. Nilikumbuka michezo ile yote minne, mmoja mmoja, malkia wake akiingia mwenyewe mbele ya farasi wangu huku yeye akisimulia vyura. Nilikuwa nimetembea Mbeya nzima kifua mbele.

"Zote nne?" nikauliza.

"Ulikuwa unafurahi sana," akasema.

"Na yeye unamwachia?"

"Huyo?" Akacheka kwa pua. "Huyo ananinyima usingizi."

Basi ndiyo hiyo. Sikuwa nimenyang'anywa kitu. Kile nilichokuwa nakionea wivu sikuwahi kuwa nacho hata siku moja, na nikikwambia kwamba wivu ulipungua nitakuwa nakudanganya; uliongezeka maradufu. Lakini sasa ulikuwa na njia ya kufuata.

"Cheza na mimi," nikasema. "Huu wenu. Usiniachie."

"Namalizia huu kwanza. Nenda kamwambie: farasi arudi nyuma ya mfalme. Hivyohivyo nilivyosema."

Nikaenda, nikasema hivyohivyo. Binamu, ambaye sasa alijua kila kitu, aliwaza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alimkanda bibi goti la kushoto. Akamkanda la kulia. Akaniuliza kama ndizi za Mbeya zimeiva. Nilikimbia mara saba zaidi kati yao, sikubadilisha neno, na mara ya saba Mama Mkwe wa binamu alimbana mfalme pembeni na mjomba akalala chali pale kwenye kuni akitazama mawingu.

"Haya," akasema. "Sasa kaa."

Alinimaliza kabla maji ya ugali hayajachemka. Hakusimulia chochote. Mtani wake alisimama karibu na farasi wangu, nikasahau kwamba haendi, nikajaribu kumsogeza mara mbili. Mama Mkwe akaja hatua moja moja, kama anatafuta kiatu chake, na mfalme wangu akakosa mlango.

Binamu alikuja na bakuli la maji ya kunawa mikono. Akautazama ubao wa chaki, akahesabu mahindi yaliyobaki.

"Nyuki wote wawili wazima," akasema. "Hata baba hakuwahitaji."

Nikanawa mikono. Nilikuwa na matusi kama kumi tayari, mengine mazuri sana.

Mjomba akafuta mikono, akakusanya mahindi upande mmoja na maharage upande mwingine. "Panga," akasema, bila kuinua macho.

Binamu aliweka bakuli chini. Mimi sikungoja kuuliza anamwambia nani. Nilikuwa nimekaa, na nikakaa zaidi, nikaanza na Mama Mkwe. Nikampanga vibaya, binamu akamsogeza nyumba moja kushoto kwa ncha ya kidole, akabaki amesimama nyuma yangu, ananipumulia kisogoni, akiona kila kitu ambacho mimi nilikuwa bado sijakiona.